Saa Tisa za Wizi

Nimeutandaza mpango mezani, juu ya kitambaa cha plastiki,
nikaubana pembe kwa chumvi, pilipili, kikombe
na kopo la sadini.
Ndivyo wanavyofanya wao kwenye filamu:
ramani, taa ya chini, mtu mmoja anayejua.
Mimi sina ramani. Nina bahasha ya bili ya gesi
na kalamu inayokohoa wino.

Filamu nne. Wezi walewale watano, suti zilezile
zisizokunjamana hata wakitambaa ndani ya bomba la hewa.
Siku za mwizi ni arobaini;
sisi tunaomba saa tisa tu,
Jumamosi, hapa Trieste, ghorofa ya nne,
na upepo ambao wenyeji huuita bora
(bora kwa nani, sijui)
ukigonga madirisha kama polisi wasio na kibali.

Kila wizi una watu wake.
Fulvio ana projekta. Ni ya shule anakofundisha jiografia,
shule haijui, na Jumatatu itarudi kabatini kabla ya kengele.
Nerina huoka mikate usiku. Ataondoka saa tisa,
ataukosa mwisho wa ile ya nne kama anavyoukosa kila mwaka,
naye hujitungia mwisho wake huko mbele ya tanuri,
ambao, tuseme ukweli, unaushinda ule wa filamu.
Tullio analeta bisi na maoni.
Bisi tunazihitaji.

Mzozo ni filamu ya tatu.
Wanaiba saa ya mnara, na mnara wenyewe ni kadibodi, unaonekana.
Mcheshi wao amekonda, na utani umekonda naye.
Lakini ukiiruka, lile kovu la mkononi katika ya nne
limetoka wapi?
Tukapiga kura: wawili kwa wawili.
Nikaamua tutaitazama tukila,
pasta na kitunguu kingi,
maana hadithi chapwa huokolewa na kitunguu.

Sasa sikiliza, mimi nimezitazama mara kumi na moja.
Mpango unaoelezwa mezani, kwa kidole, hatua kwa hatua,
haufanikiwi. Kamera ikishauona, umekufa:
mlinzi atabadilisha zamu, mbwa atabweka, lifti itakwama.
Unaofanikiwa ni ule tusioambiwa,
uliokuwa ukienda zake nyuma ya migongo yetu
sisi tukicheka.

Kwa hiyo haya yote niliyokuandikia yatavurugika.
Projekta itaukataa waya. Bisi zitaungua.
Fulvio atalala mdomo wazi kabla kufuli la kwanza halijafunguka.
Sawa. Acha yavurugike.

Maana viti ni sita
na watu niliowahesabu, pamoja nami, ni wanne.

Zdenko nimemwambia saa moja kamili.
Majda nimemwambia saa moja na robo.
Kaka na dada, waligawana nyumba ya mama yao
mpaka vijiko, kijiko chako, kijiko changu,
na cha mwisho, kilichobaki peke yake, wakakigombania.
Mwaka wa sita huu wanapishana ngazini
kama lifti mbili.
Zamani walikaa sofa moja kuzitazama hizihizi,
wakiyasema maneno ya wezi
kabla wezi hawajafungua kinywa.

Kila mmoja ameniuliza kwa wakati wake,
akitazama pembeni: Na yule, atakuja?
Nami, kwa uso wa mtu mwenye suti isiyokunjamana,
nikajibu: Yupi?

Sofa nimeiacha tupu, ya watu wawili,
viti vingine nimevipa wenyewe.
Taa nitazima mapema kidogo.

Zaidi ya hapo, ukiigeuza bahasha,
utakuta bili ya gesi tu.